Mtamba Aliyekosa wa Kumpokea

Bisha. Anza kubisha sasa hivi, mapema, ili tukifika mbele usinikatize. Nakuambia palikuwa na mtamba mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, mnene, mimba yake ya kwanza ikikaribia, na palikuwa na watu watatu waliopewa mtamba huyo bure kabisa. Wote watatu wakarudisha mikono nyuma kana kwamba wamepewa kaa la moto. Hukubali? Sikulaumu. Nimeisimulia hadithi hii mbele ya wachinjaji, mbele ya walimu, mbele ya mchungaji mmoja mwenye gari, na wote walinicheka mpaka nilipofika katikati. Katikati hakuna aliyecheka. Basi kaa vizuri. Mimi na shule tuliachana mapema, na aliyepata hasara ni shule, kwa maana leo nitakufundisha hesabu ya mawingu ambayo wenye vyeti huieleza juma zima na watu wakatoka wanapiga miayo.

Palikuwa na kituo kidogo cha utabiri wa hali ya hewa huko Nyanda za Juu Kusini, chumba kimoja chenye paa la bati, juu ya kilima kinachotazamana na Mlima Igoje. Humo walikaa watu watatu, kila mmoja na kompyuta yake, kila mmoja na kipaji chake cha kuona.

Wa kwanza aliitwa Lugano. Huyu aliona mbali. Alitandaza wavu wa hesabu kuanzia baharini hadi ng'ambo ya Ziwa Nyasa, na tundu moja la wavu huo lingeweza kumeza tarafa nzima na masoko yake. Sasa sikiliza, hapa ndipo wenye vyeti hukupoteza: kila tundu lina jibu moja tu. Joto moja, upepo mmoja, kimo kimoja. Ukitia kilele, bonde na shamba la migomba ndani ya tundu moja, kompyuta inavikoroga kama uji na kukupa kimo cha wastani. Kwa hiyo Mlima Igoje, huu unaokutoa ulimi ukiupanda, kwa Lugano ulikuwa kinundu tu, kama mtu aliyelala chini ya blanketi. Lakini kompyuta yake ilimaliza kazi upesi, na mvuke ukinyanyuka huko mbali kuja huku, Lugano alikuwa wa kwanza kuujua.

Wa pili aliitwa Gwantwa. Huyu aliona kati. Tundu lake lilitosha kijiji na mashamba yake. Kwake mlima ulikuwa mlima, una mbele na una nyuma, ila laini kama sufuria iliyofunikwa, hauna korongo hata moja. Gwantwa alijua upepo utapanda upande gani na utateremkia wapi. Mtego wake ulikuwa mawingu. Kwa Lugano wingu ni dogo kuliko tundu, halionekani, basi kompyuta inakisia mvua na mambo yanakwisha. Kwa Gwantwa wingu linaonekana nusu. Kompyuta inaliona, inalinyeshea mvua yake, halafu kwa mazoea inakisia tena na kunyesha mara ya pili. Mvua moja, ndoo mbili.

Wa tatu, mdogo wao, aliitwa Nsubisi. Huyu aliona karibu. Tundu lake lilitosha nyumba, zizi na bustani ya mboga, basi. Makorongo yote alikuwa nayo, majabali yote, hata ule ukingo ambao mbuzi hupenda kusimama ili watu wa chini wapate wasiwasi. Lakini kompyuta yake ilikwenda kama mzee anayeteremka ngazi. Na jabali likiwa wima mno, hesabu zilipasuka: upepo unaporomoka ukutani, unaruka tundu zima kabla kompyuta haijageuka kuutazama, namba zinazidishana, mara kioo kinaonyesha kimbunga chenye kasi ya risasi juu ya shamba la viazi ambako jani halitikisiki. Kompyuta inasimama. Nsubisi anashika kichwa.

Na usidhani kila mmoja alijitosheleza. Wavu wa Nsubisi ulikaa ndani ya wavu wa Gwantwa, na wa Gwantwa ndani ya wavu wa Lugano. Pembezoni mwa wavu wa ndani upepo lazima utoke mahali, na mahali penyewe ni wavu wa nje. Wa nje akikosea, wa ndani anakosea vilevile, ila kwa ustadi zaidi.

Umeelewa? Kama hujaelewa tikisa kichwa kama wenzako, tuendelee.

Chini ya bega la Mlima Igoje kipo kijiji cha Itundya, na mwenyekiti wake alikuwa mwanamke aitwaye Subilaga. Katikati ya Itundya limepita Korongo la Mawe. Upande mmoja wa korongo, chini kabisa ya mteremko, ndiko kwenye nyumba nyingi na udongo mzuri wa viazi. Upande wa pili, wao huuita ng'ambo, kuna kanisa, kuna ghala la pareto, na pana mwinuko wa mwamba. Mvua ikilemea bega la mlima, tope linaweza kushukia upande wa nyumba, au linaweza kushukia ng'ambo. Mlima haukuulizi unakaa wapi.

Subilaga alikuwa mtu aliyechoka. Usiniulize alichoka lini, alikuwa amechoka tu, kama kanga iliyofuliwa mpaka maandishi yakafutika. Nyumbani alikuwa na mama yake, Bibi Sekela, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa na macho yake yalibaki kuona mwanga peke yake. Kumhamisha Bibi Sekela ilikuwa ni kumbeba mgongoni, kumshusha korongoni, kumvusha juu ya magogo na kumpandisha tena. Na masika yale alikuwa amekwisha bebwa mara mbili, bila sababu.

Mara ya kwanza Lugano alipiga simu: mvua kubwa, wilaya nzima, chukueni tahadhari. Itundya ikahamia ng'ambo na magodoro na kuku. Siku hiyo jua liliwaka hadi bati la kanisa likalia. Mvua ilikuwa imenyesha kweli, lakini nyuma ya mlima, kwa sababu katika wavu wa Lugano mawingu yalivuka kile kinundu bila hata kujikwaa.

Mara ya pili alipiga Gwantwa: mvua ya kutisha, usoni mwa mlima, hameni. Wakahama tena, safari hii wakinung'unika. Yakaanguka manyunyu ya kulowesha nywele tu. Ndoo mbili, nimekwambia. Nsubisi angeweza kumkosoa, lakini hesabu zake zilikuwa zimepasuka tangu asubuhi, naye akanyamaza kwa aibu. Watu waliporudi walikuta nguruwe pori wamefukua viazi matuta kwa matuta.

"Mama Mwenyekiti," walimwambia Subilaga, wakiwa wamesimama katika yale mashimo, "ukitaka kutuhamisha tena, kwanza waulize hao watoto wako wa kompyuta kama nguruwe nao wametabiriwa."

"Nitawauliza."

"Na uwaambie tumechoka."

"Niwaambie nini? Mimi mwenyewe nimechoka," alijibu Subilaga, akainama kukusanya viazi vilivyoachwa nusu.

Sasa ndiyo ikaja asubuhi yenyewe. Lugano alipiga simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayegonga mlango wa mkwe. "Shikamoo mama. Kuna mvuke mwingi unatoka ziwani. Upepo umegeuka. Leo alasiri."

Subilaga alikata simu, akajifunga kitenge, akatafuta pikipiki ya kumfikisha chini ya kilima, na kipande cha mwisho akakipanda kwa miguu. Alipoingia kituoni aliwakuta wote watatu wana macho mekundu, vikombe vya chai vimeota utando juu.

"Karibu mama, keti," Gwantwa alisema, akimwondolea makaratasi kwenye kiti.

"Sikuja kukaa. Nikikaa sitainuka." Lakini alikaa. "Sikilizeni wanangu. Msiniambie wilaya. Msiniambie mlima. Mlima nauona hata nikiwa chooni. Niambieni kitu kimoja: korongo langu, upande upi? Nikiwapeleka watu ng'ambo na tope likashukia ng'ambo, nitakuwa nimewapanga foleni wafe. Nikiwaacha na likashukia kwao, mama yangu yuko humo kitandani. Wataniitikia mara moja tu iliyobaki. Nipeni upande."

Watatu walitazamana. Umewahi kuona watu wanaotazamana kila mmoja akitumaini mwenzake ndiye mkubwa? Hivyo.

Lugano akaanza. Aliufungua wavu wake, akaonyesha ule mkanda wa mvuke unavyotoka ziwani kama moshi wa kuni mbichi. Ramani yake ilinyesha mvua, tena mvua nzuri ya bluu iliyokoza, lakini nyuma ya mlima, kulekule kwa siku zote. Angeweza kuitetea. Ni yeye aliyekuwa mkuu wa chumba kile, na mtu mkubwa hapendi kufuta kazi yake mbele ya mgeni. Alishusha pumzi, akasema, "Upepo wangu uaminini. Unyevu wangu uaminini. Mvua yangu itupeni, maana mimi sina mlima, nina kinundu." Akaufuta ule ubluu wote. Kisha akampa Gwantwa upepo na unyevu wa pembezoni, saa kwa saa, safi, bila majivuno. Bila Lugano, Gwantwa asingekuwa na hewa ya kuanzia.

Gwantwa akapokea. Cha kwanza alichofanya ni kuzima makisio. Yale mazoea ya kompyuta ya kunyesha mara ya pili akayafunga, ingawa bila makisio wavu wake ungeweza kukosa mvua kabisa, na akikosa mara hii hakuna wa kumsamehe. Alingoja. Kompyuta ikavuma. Ndipo akaona jambo ambalo Lugano asingeliona hata kwa miwani ya yule mchungaji mwenye gari: upepo haukupanda mlima ukavuka. Ulikuwa mzito kwa unyevu, mvivu, ukafika kifuani mwa mlima ukashindwa, ukajipinda kuelekea begani, upande wa Itundya. "Unazunguka," alisema. "Alasiri utakuwa umejibana begani. Lakini mimi kwangu bega ni laini, mama. Sina korongo. Siwezi kukupa upande." Akampa Nsubisi hewa ya pembezoni. Bila Gwantwa, Nsubisi angeushughulikia mlima mzima mpaka kesho, na mvua isingemngoja.

Nsubisi akapokea. Akawasha, na hesabu zikapasuka. Akawasha tena, zikapasuka. Basi akafanya ambalo wote wa kazi yake hulifanya wakikwama: akaupiga mlima msasa. Unasugua majabali kidogo ndani ya kompyuta, makali yanaisha, upepo unateremka kwa adabu na hesabu zinatulia. Akasugua, ikakubali, ikaenda vizuri hadi akatabasamu. Ramani ilionyesha mvua ikigawanyika sawasawa, huku kidogo na ng'ambo kidogo, hakuna ya kutisha.

"Basi tubaki?" Subilaga aliuliza. Alikuwa ameegemeza kichwa ukutani.

"Ngoja niweke alama ya kijiji uone vizuri," alisema Nsubisi. Akaweka alama, akatazama kimo kilichoandikwa kando yake. Akakitazama tena. Alama ya Itundya ilikuwa juu sawa na ukingo wa korongo.

"Vipi?" Gwantwa alimuuliza.

"Nimewafukia," alisema Nsubisi taratibu. "Nimesugua mpaka nimelijaza korongo. Humu ndani Itundya haipo. Nimekitabiria kijiji kilicho chini ya udongo."

Juu yao bati lilianza kulia kwa upepo.

Nsubisi hakuomba radhi, muda wa kuomba radhi haukuwepo. Alilifukua korongo, akarudisha makali yote, na ili hesabu zisipasuke akaiamuru kompyuta itembee kwa hatua ndogo, ndogo kama za kuku aliyeingia matopeni. Hatua ndogo maana yake kuchelewa. Basi akaukata wavu wake, akautupa mlima wote, akabakisha bega na korongo tu. Kila alichojivunia miezi yote, ramani ya Igoje nzima, mwamba kwa mwamba, aliitupa kama maganda. Ikaenda. Kwa shida, ikaenda. Na wingu la kwenye kioo lilipofika begani, lilijipenyeza korongoni, likakuta ukuta wa juu, likasimama. Halikusonga tena. Likakaa hapo linamwaga, na kila lilichokimwaga kilishuka upande mmoja.

"Upande wa nyumba," alisema Nsubisi. "Ng'ambo ni salama. Mama, ni upande wa nyumba."

Subilaga alikwisha toa simu. "Hameni," alimwambia katibu wake. "Ndiyo, tena. Ndiyo, najua. Waambie mara hii nimelitumbulia macho wingu lenyewe. Waambie nikikosea wachague mwenyekiti mwingine, nami nitampigia kura." Kisha akateremka kilima kwa mwendo ambao mtu wa umri wake hapaswi kuteremka nao.

Itundya ikahama kwa kuburuta miguu. Wapo waliobeba kila kitu, wapo waliobeba kuku mmoja kwa ajili ya heshima tu. Bibi Sekela alibebwa mgongoni, akashushwa korongoni, akavushwa magogoni, akapandishwa, akakalishwa kwenye benchi la kanisa akiwa na shuka lake. Alasiri wingu lilikuja na kufanya kama lilivyotabiriwa, bila kuongeza wala kupunguza. Bega la mlima likalegea. Tope lilishuka upande wa nyumba kwa sauti kama malori yanayomwaga kokoto, likachukua ile safu yote ya chini, kuta, matuta, choo alimokuwa Subilaga akiutazamia mlima, na kitanda cha Bibi Sekela.

Bibi Sekela mwenyewe alikuwa kanisani, anauliza kama kuna chai.

Sasa tuje kwa mtamba. Ulidhani nimemsahau?

Itundya wana desturi yao. Mtu wa nyumba akivushwa hatari kwa mgongo wa mwingine, nyumba ile hutoa mtamba, nao humwita mtamba wa mgongo. Anayempokea hapati ng'ombe tu. Anakuwa mtoto wa nyumba ile. Ataitwa kwenye mahari, ataitwa kwenye msiba, mzee akifa ataingia kaburini kuchimba pamoja na watoto wa kuzaliwa. Mtamba huyo hauzwi, hagawanywi, wala hapewi watu wawili, maana mtamba mmoja huingiza mtoto mmoja. Wazee walikaa, wakasema safari hii mtamba aende kituoni. Lakini nani kati ya watatu, hilo wakamwachia Subilaga, kama wazee wanavyopenda kumwachia mwanamke kazi ngumu.

Subilaga akamfunga mtamba kamba, akapanda naye kilima polepole. Mtamba alichoka, Subilaga alichoka, wote wawili wakafika wakiwa na pumzi moja.

"Ndaga sana wanangu," aliwashukuru mlangoni. "Nimemleta. Semeni mwenyewe ni nani."

Lugano alitazama chini. "Mama, mpe Gwantwa. Mimi nilitoa upepo, na upepo kila mtu anao. Mvua yangu niliifuta. Mtu anapewaje ng'ombe kwa kitu alichokifuta?"

"Mimi?" Gwantwa akarudi nyuma hatua. "Mimi mwenye mlima laini kama sufuria? Nilikuambia kabisa kwamba siwezi kukupa upande. Mpe Nsubisi, yeye ndiye aliyekupa ulichokuja kuomba."

"Mimi niliwafukia," alisema Nsubisi haraka, kama mtu aliyekuwa ameliandaa neno hilo. "Kama nisingeweka ile alama, mngekuwa mmefukiwa kweli. Na hewa yote niliyoitumia ilitoka kwa Lugano. Yeye ndiye mkubwa, na yeye ndiye aliyekubali kujifuta ili sisi tuone. Kaka, pokea kamba."

"Sipokei."

"Dada Gwantwa."

"Niache, Nsubisi."

"Jamani," alisema Subilaga, "huyu ni ng'ombe, hakuletwa kuwauma."

Hebu waangalie! Wanagombania kutopewa. Mjini watu wanatoana macho kwa kuku wa mchezo wa bahati nasibu, na hapa mtamba mwenye mimba anasukumwa kutoka huku kwenda kule kama mgeni aliyekuja wakati wa kula. Subilaga alibaki mlangoni na kamba mkononi, na mtamba akaanza kula majani ya boga la jirani.

Basi na wewe ingia kazini. Lugano aliona mbali, na bila yeye wengine wangekuwa vipofu. Gwantwa aliona kati, na bila yeye wa mbali na wa karibu wasingekutana. Nsubisi aliona karibu, na bila yeye Subilaga asingejua upande. Kila mmoja alitupa kitu alichokipenda: Lugano ubluu wake, Gwantwa makisio yake, Nsubisi mlima wake. Ungekuwa wewe umeshika kamba, ungemkabidhi nani? Wengi humtaja Nsubisi, kwa sababu watu hupenda aliyefunga goli. Wenye busara kidogo humtaja Lugano. Juzi msichana mmoja alimtaja Gwantwa, nikampenda papo hapo. Umeshachagua? Sema kwa sauti.

Haya. Sasa nikuambie kipande nilichokiruka, maana nilikiruka kwa makusudi, nami hukiruka kila mara mpaka watu wakishataja jina.

Nilisema Bibi Sekela alibebwa. Hukuniuliza alibebwa na nani.

Alibebwa na Ambakisye, mwanawe wa kwanza, kaka yake Subilaga. Mgongo ulikuwa wa Ambakisye mara ya kwanza, siku ya jua. Ulikuwa wa Ambakisye mara ya pili, siku ya manyunyu. Na mara ya tatu aliwahi kumbeba kabla Subilaga hajafika, akamkalisha mama yake benchini, akamkunjulia shuka, akaomba maji, akanywa. Subilaga alipoingia kanisani anahema, alimkuta mlangoni anatoka.

"Kaka, unakwenda wapi?"

"Kwangu kulala, Subi. Mgongo wangu umechoka."

"Kaka, safari hii wamenionyesha."

"Hata zile mbili walikuonyesha." Hakuwa na hasira. Alimshika bega kidogo. "Nguruwe wakija leo watanikuta."

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, iliyo karibu zaidi na mteremko. Walimpata chini ya tope, siku jua lilipowaka.

Sasa unajua kwa nini wazee hawakuweza kumpa mtamba aliyebeba. Na unajua kwa nini wale watatu walirudisha mikono nyuma. Kila mmoja wao alikuwa na sehemu yake katika kumsumbua Ambakisye bure: mmoja kwa jua, mmoja kwa manyunyu, mmoja kwa kunyamaza alipopaswa kusema. Yule mtu aliacha kuitikia wito kwa sababu yao, sawasawa, kama vile Bibi Sekela alivyopona kwa sababu yao, sawasawa.

Na Bibi Sekela hajaambiwa. Anakaa ng'ambo katika chumba cha kuazima, na kila asubuhi anauliza Ambakisye atakuja lini kumrudisha nyumbani. Atakayeipokea kamba ataingia pale kama mtoto wa nyumba. Atakaa kwenye kigoda kilichoachwa wazi. Na yule bibi, kwa kuwa haoni, atanyoosha mkono ampapase mgongo kwanza, kabla ya kumuuliza jina.

Subilaga bado yuko mlangoni, na mkono umekufa ganzi kwa kamba. Umenitajia jina muda mfupi uliopita, nimelisikia. Je, bado ndiye huyohuyo unayemtuma aingie?